Baba Alikibonyeza kwa Kidole Gumba

Sanduku lilikuwa juu ya meza ya kukatia vitambaa, na baba alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Nilijua kabla halijafunguliwa. Kinanda nilichokichagua kilikuwa na urefu wa karibu mita moja na nusu. Sanduku hili mwanafunzi wa darasa la nne angelibeba kwapani.

Shangazi, dada yake baba, hakuwa na subira. Alichukua mkasi wake wa kukatia ngozi, akapasua utepe, akakitoa kinanda, akakichomeka kwenye umeme. Kikawaka taa nyekundu na kijani. Akabonyeza kitufe, ngoma ikaanza kupiga yenyewe, naye akatikisa mabega katikati ya marobota ya sponji.

"Kwa hiki hata mimi nafaulu," alisema.

Mimi nilikuwa nahesabu vibonye. Sitini na kimoja. Niliweka kidole juu ya kimoja, nikakisukuma taratibu. Kikazama bila ubishi wowote, kama kitufe cha rimoti.

Nilimwuliza baba karatasi niliyompa iko wapi. Akapapasa mfuko wa shati, akanirudishia ikiwa imekunjwa vizuri, haina hata doa. Nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa: cheusi, kilicho kushoto kwa dirisha, vibonye themanini na vinane, vizito, chenye kanyagio lake. Nilikuwa nimechora hata mshale.

"Niliisoma," baba alisema. "Lakini kile ulichoandika kina kasoro, mwanangu. Nimekibonyeza mwenyewe. Kimekaza. Nadhani kimevimba kwa unyevu. Hiki ni laini."

Sisi ni mafundi wa masofa. Karakana iko mbele, vyumba viwili viko nyuma, na vumbi la sponji halijui mpaka kati ya huku na kule. Baba ameifanya kazi hiyo miaka thelathini na moja, na kidole gumba chake ndicho mahakama ya nyumba yetu. Akipokea robota la sponji, hulibonyeza kwa gumba, husubiri, huangalia linavyorudi, kisha hutoa hukumu. Anabonyeza godoro, anabonyeza mkate, anabonyeza soli ya kiatu dukani mpaka muuzaji anaudhika. Shangazi husema mchumba wake wa pili alikataliwa kwa kupeana mkono tu. Kwa baba, kitu kigumu ama kimeharibika, ama kimetengenezwa na mvivu.

Basi alikuwa amekwenda kwenye duka la vinanda, akakibonyeza kwa gumba kile nilichokitafuta mwaka mzima, na mahakama ikakihukumu.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimejaribu kuingia chuo cha walimu wa muziki. Nilikuwa nimefanya mazoezi kwenye kinanda chakavu cha kwaya, chenye vibonye vyepesi kuliko kope. Siku ya mtihani wakaniketisha mbele ya piano yenyewe, ile ya mbao, na nusu ya sauti zangu hazikutoka. Nilibonyeza, kibonye kikashuka, kimya. Nilibonyeza tena, kimya. Mtahini, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba, alinisimamisha ukurasa wa pili. Aliniambia muziki ninaujua ila vidole havina nguvu, nitafute kinanda chenye vibonye vizito, nirudi mwakani. Akaongeza kwamba chuo hakimsikilizi mtu mara tatu.

Mwakani ndiyo ilikuwa imefika. Zilibaki wiki tisa.

Nilikuwa nimekwenda dukani Jumamosi tatu mfululizo. Nilijua ninachotaka kama ninavyojua namba ya sindano zangu. Kiwe na vibonye themanini na vinane, na ndani ya kila kimoja kinyundo kidogo cha kukipa uzito, kizito zaidi kushoto, chepesi kidogo kulia, kama piano ya mbao. Kiwe na mahali pa kuchomeka hedfoni, kwa sababu ukutani kwetu kuna jirani mwenye masikio na mdomo. Na kiwe chepesi cha kubebeka: jioni nikipandishe juu ya meza ya kukatia, asubuhi nikishushe, nikiegemeze nyuma ya kabati kabla shangazi hajatandaza vitambaa. Kile cheusi kilikuwa na kilo kumi na mbili. Nilikinyanyua pale dukani, nikazunguka nacho, muuzaji akicheka.

Jumamosi ya tatu, muuzaji aliniambia kimebaki hicho kimoja, na kuna mtu anakiulizia. Jumamosi iliyofuata mimi nilikuwa na viti kumi na viwili vya hoteli vya kumalizia, na baba alikuwa anakwenda mjini kununua vitambaa. Akajitolea kunichukulia. Nikampa fedha zangu, naye akaongezea zake, na karatasi yenye mshale.

"Umeninunulia mdoli, baba," nilimwambia. "Ulikuwa na kazi moja tu, kusoma karatasi."

Shangazi alizima ngoma.

Baba hakupandisha sauti, huwa hapandishi sauti, na hilo ndilo linalomkera mtu zaidi. Alisema yeye alikuwa anabonyeza vitu kabla mimi sijazaliwa, kwamba hata muuzaji mwenyewe alimwambia sauti ni ileile, na bei ni ileile, na juu yake unapata midundo mia tatu. Kisha akachukua stepla yake akarudi kwenye kiti alichokuwa anakivisha.

Wanasema hasira hasara. Mimi nilishapata hasara kwanza, kwa hiyo hasira ilikuwa halali yangu.

Jumatatu nilikirudisha dukani peke yangu. Muuzaji, kijana mwenye shati linalong'aa na kalamu tatu mfukoni, alinikaribisha kama hajawahi kuniona. Kile cheusi kilikuwa palepale, kushoto kwa dirisha. Nilimwambia kuna makosa yamefanyika, naomba kubadilishiwa. Akanyoosha kalamu moja kuelekea tangazo ukutani: mali ikishafunguliwa hairudishwi. Nikamwuliza kama baba alimwonyesha karatasi. Akasema ndiyo, alimwonyesha. Nikamwuliza kama alikumbuka kuwa mimi ndiye niliyekaa kwenye kinanda kile Jumamosi tatu.

"Dada, mzee ndiye mnunuzi," alisema. "Mzee alijua anachotaka. Na kwa anayejifunza, hiki kinatosha kabisa."

Kwa anayejifunza. Yule aliuza vinanda kama wengine wanavyouza ndoo. Nilikibeba kinanda chake cha taa nikarudi nacho nyumbani, na njiani kila aliyenitazama nilimtazama mpaka akageuza uso.

Wiki ile karakana yetu ilikuwa na vita baridi. Mimi na baba tulizungumza kupitia kwa shangazi, ambaye alisimama katikati yetu hatua mbili tu kutoka kila upande. Mwambie kaka yako pini zimekwisha. Mwambie huyo binti ziko kwenye kopo. Ilipofika Alhamisi, shangazi aliweka mkasi chini. Alisema hakuzaliwa kuwa simu, na kama tunataka mtu wa kupeleka salamu tumwajiri.

Kisha alinivuta nyuma ya marobota akaniuliza hicho kinanda cha vibonye vigumu kina faida gani hasa, maana yeye pia hajaelewa. Nilimweleza juu ya vinyundo, na uzito, na vidole. Alisikiliza huku akichokonoa uzi kwenye gauni lake.

"Sasa haya umemwambia babako?"

Nilisema baba haambiliki, kumweleza ni kumpigia mbuzi gitaa.

"Umempigia lini?" shangazi aliuliza. "Mimi nilichosikia ni mdoli."

Hilo likanikasirisha upya. Kwa sababu ilikuwa kweli. Mwaka jana niliporudi kutoka chuoni nilimwambia baba neno moja tu, sikufaulu. Alipouliza kwa nini, nilisema ndivyo ilivyokuwa. Niliona aibu. Mtu aliyelelewa kwenye karakana, anayevuta mkanda wa sofa mpaka ubao unalia, aende akaambiwe vidole vyake havina nguvu? Nguvu ya kuvuta nilikuwa nayo. Ile ya kila kidole kusimama peke yake sikuwa nayo, na sikutaka kumweleza baba tofauti hiyo.

Nilikwenda kwenye meza ya baba. Nilichukua kipande cha ngozi nene, sindano iliyopinda, na kipande cha kitambaa cha pazia. Nikaviweka mbele yake.

"Baba, siku ya kwanza uliponifundisha kushona, ulinianzisha na kipi?"

Alitazama vile vitu, kisha akanitazama mimi, akitafuta mtego uko wapi. "Ngozi."

"Nilikuwa na miaka kumi na mbili. Nililia. Sindano ilikuwa haipiti. Shangazi akakwambia unianzishe na kitambaa laini, ukakataa. Kwa nini?"

"Mkono ukizoea kitambaa laini," baba alianza, kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokisema mara elfu, "siku utakapokutana na ngozi..."

Akaishia hapo. Gumba lake lilikuwa juu ya ngozi, linaibonyeza.

Nikamweleza yote. Kinanda cha kwaya, piano ya mbao, kimya, mama mwenye miwani, mara mbili tu. Nilimweleza kwa hasira, kwa sababu sikuwa na namna nyingine wiki ile. Nilipomaliza, hakuomba radhi. Aliniuliza kwa nini sikumwambia mwaka jana.

"Nilikuwa naona aibu."

"Ulirudi vidole umevifunga kitambaa," alisema. "Wiki moja kabla ya mtihani wako nilikuwa nimekupa masofa ya ngozi, seti nzima. Sindano ilikuwa imekuchoma kila mahali. Ukasema hukufaulu, ukanyamaza. Mimi nikajua ni kazi yangu iliyokufelisha." Alikisogeza kitambaa cha pazia pembeni. "Sasa nimekuta kinanda kimekaza namna ile. Nikasema, vidole vyenyewe vimeshachoka na sindano, nimwongezee mateso?"

Mwaka mzima alikuwa amelibeba hilo kifuani, anabonyeza mikate. Nilimkasirikia zaidi, kusema kweli. Ni rahisi kumkasirikia mtu aliyekudharau. Baba alikuwa amenihurumia, na mambo yangu yalikuwa yameharibika vilevile.

"Jumamosi twende," alisema. "Ila mimi ndiye nitakayezungumza."

"Hapana, baba. Ulishazungumza."

Shangazi, nyuma ya mashine yake, alikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Tulikwenda. Baba alibeba sanduku, mimi nilibeba risiti. Nilizungumza mimi, kwa adabu, nikaeleza tena tangu mwanzo, nikasema tuko tayari kuongeza kitu juu. Muuzaji akanyoosha tena kalamu kuelekea lile tangazo la ukutani. Akasema kama ni yeye angetusaidia, lakini sheria si yake, ni ya mwenye duka. Aliyasema hayo akimtazama baba.

Baba alitikisa kichwa kama aliyeelewa. Akatafuta kiti cha wateja, akakibonyeza kwa gumba, akaguna kwamba sponji yake imekufa siku nyingi, akakaa. Nikadhani tumeshindwa. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta maneno ya mwisho ya kumwachia yule kijana, maneno mazuri, yenye ncha, ndipo akaingia mama mmoja mwenye sare ya unesi, akaulizia kinanda cha binti yake.

Muuzaji alimpeleka moja kwa moja kwenye vile vya taa. Ngoma ikalia. Midundo mia tatu. Nesi akaanza kutabasamu.

Baba alisimama.

"Samahani mama, binti anajifunza au anacheza tu?"

Nesi akasema ana mwalimu, anajifunza kwa dhati.

"Basi usinunue hicho. Mimi nilinunua wiki iliyopita, hiki hapa, nimekirudisha. Njoo ubonyeze hiki cheusi. Bonyeza polepole. Unasikia kinavyokuzuia? Mimi nilidhani ni kibovu. Kumbe ndicho kizima." Akaendelea kumweleza juu ya vinyundo, kushoto vizito, kulia vyepesi, kama nilivyomweleza mimi Alhamisi, akaongeza ngozi na kitambaa cha pazia kutoka kwake mwenyewe. Hakuacha kitu. Muuzaji alijaribu kuingilia mara mbili. "Kijana," baba alimwambia kwa upole, "chema chajiuza. Kibaya ndicho unachokitembeza."

Nesi alibonyeza vibonye vitatu, vinne, uso ukabadilika.

"Nakitaka hiki," akamwambia muuzaji.

Baba alikuwa ameuza kinanda changu. Alikuwa amekieleza vizuri mno, kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amenielewa sawasawa, na matunda ya kunielewa yakawa kuuzwa kwa kinanda kimoja kilichobaki. Nilimwona naye akigundua. Mdomo ulibaki wazi, gumba hewani. Muuzaji alikuwa tayari na kitabu cha risiti, na kicheko alikuwa anakificha vibaya.

"Hicho ni changu," nilisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyopanga. Nesi akageuka. Nikamwambia yote kwa pumzi moja: Jumamosi tatu, karatasi, mtihani baada ya wiki nane, na kwamba kimebaki hicho kimoja tu dukani.

Nesi alimtazama muuzaji kama manesi wanavyomtazama mgonjwa anayedai amemeza dawa. "Kimebaki hiki kimoja tu?"

Kijana akapangusa kalamu zake. Ilikuwa lazima achague: akisema ndiyo, nesi angeweza kuniachia akaondoka na fedha zake; akisema hapana, angemwuzia. Tamaa ikajibu kabla yake.

"Stoo vipo vingine. Vitatu."

Mimi nilikuwa nazirudia akilini zile Jumamosi. Kimebaki kimoja, kuna mtu anakiulizia. Kwa neno hilo nilikuwa nimeacha kungoja siku niliyo na nafasi, nikampa baba karatasi. Kwa neno hilo wiki nzima ilikuwa imeteketea.

Kitu kilichonitoka wakati huo sitakiandika chote. Nilimwambia kwamba tangazo lake la ukutani linahusu mali iliyofunguliwa, halisemi kitu juu ya mteja aliyedanganywa, na kwamba nitasimama mlangoni pake kila Jumamosi pamoja na baba yangu, naye amemwona baba yangu akieleza. Baba aliketi tena kwenye kile kiti cha sponji iliyokufa, akakunja mikono, kumwonyesha kijana kuwa ana nafasi ya kutosha.

Nesi alirudisha pochi yake ndani ya mkoba. Alisema yeye atalipa, lakini baada ya huyu binti kupewa chake, si kabla.

Kijana akapiga simu kwa mwenye duka, akiwa ametupa mgongo. Sijui waliambiana nini. Nilichosikia ni ndiyo, ndiyo, ndiyo bosi. Dakika ishirini baadaye tulikuwa barabarani, mimi mbele, baba nyuma, sanduku refu mabegani mwetu kama tumebeba ngazi.

Jioni ile shangazi aliondoa vitambaa vyake mezani bila kuambiwa. Baba alibonyeza kibonye cha mwisho kushoto, kile kizito kuliko vyote, akasubiri, akaangalia kinavyorudi.

"Kigumu," alisema, akaenda zake karakana.

Asubuhi nilikuta kiti. Hakikuwa na springi. Juu yake baba alikuwa ameweka sponji nyembamba ile ya kukandamizwa, ambayo huwa haitumii kwa sababu wateja huilalamikia, akaivisha ngozi. Nilikikalia, hakikubonyea.

Wiki nane nilicheza kila jioni, hedfoni masikioni, na walioko nje walisikia tu tak-tak-tak ya vibonye juu ya meza. Shangazi alisema ni kama kuishi na kuku anayedonoa bati. Wiki ya kwanza vidole vililia, ya tatu vikanuna, ya sita vikanyamaza. Baba hakunipa seti yoyote ya ngozi; alizishona mwenyewe. Nilimwona akipuliza vidole vyake, nikajifanya sijaona.

Mama mwenye miwani alikuwepo. Nilicheza ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila nilichobonyeza kilitoa sauti. Nilipomaliza aliuliza ni piano gani niliyofanyia mazoezi, nikamwambia ya umeme, juu ya meza ya kukatia vitambaa. Akaandika kitu kirefu. Majina yalibandikwa siku hiyohiyo alasiri, langu lilikuwa la nne.

Baba alikuwa anasubiri nje ya lango. Hakuuliza, nadhani uso wangu ulishamjibu. Nilimwambia nimepata nafasi, na kwamba bado namkasirikia kwa ile wiki moja, na nitaendelea kumkasirikia mpaka muhula uanze.

"Sawa," alisema. "Lete mkono."

Nilimpa. Akavibonyeza vidole vyangu kwa gumba, kimoja kimoja, kwenye ncha, akisubiri na kuangalia kila kimoja kinavyorudi. Alipofika kwenye kidole cha mwisho alirudia mara mbili.

"Vimekaza," alisema.